Kuchagua Pampu ya Mafuta kwa Gari Lililokaa Muda Mrefu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu gari la petroli lililosimama miezi sita au zaidi, liwe la kabureta au la injekta. Dizeli ina swali lake, la 23. Maneno mawili yatumike kwa maana moja tu: *chujio* ni kile kisoksi cha wavu kilichovikwa mdomo wa pampu ndani ya tangi, na *filta* ni ile iliyofungwa njiani kati ya tangi na injini.

## Kabla ya kununua chochote

1. Gari limekaa miaka mitatu bila kuwashwa. Ni lazima ninunue pampu mpya?

Si lazima, ingawa kila mwaka unaopita unapunguza matumaini. Gari lililokaa miezi mitatu hadi sita kwa kawaida huwaka na pampu yake ileile. Likishapita mwaka, linaloamua ni hali ya petroli iliyobaki ndani. Tangi lililoachwa na mafuta kidogo, hewa nyingi na mfuniko usiobana huiua pampu upesi kuliko tangi lililojaa.

Fungua mfuniko unuse. Petroli nzima ina harufu kali inayopanda puani mara moja. Iliyooza inanuka uchachu, kama kopo la varnishi lililoachwa wazi. Kisha chota kidogo kwenye chupa ya kioo uishike kwenye mwanga. Ikiwa imekuwa ya kahawia kama chai ya rangi, au kuna tabaka lingine chini linaloteleza peke yake ukiinamisha chupa, usifungue swichi ya gari hata mara moja. Kila sekunde pampu inayozunguka inavuta uchafu huo kuupeleka kwenye filta, injekta au kabureta, na kazi ya saa mbili inageuka kuwa ya siku mbili.

2. Petroli ya zamani inaiharibu vipi pampu?

Kwa njia tatu, na mara nyingi zote hukutana. Kwanza, sehemu nyepesi za petroli huruka, na zinazobaki huungana na oksijeni zikawa utomvu. Ndani ya pampu ya umeme kuna gurudumu dogo la mapezi linalozunguka kwenye nafasi nyembamba sana, na utomvu ukikauka hapo gurudumu linanata. Pili, petroli iliyochacha hula shaba inayosuguliwa na kaboni za mota (vipande vidogo vinavyoipa mota umeme), hivyo umeme haupiti tena vizuri. Tatu ni maji. Petroli iliyochanganywa na ethanoli hunyonya unyevu wa hewani hadi kikomo, kisha ethanoli na maji hujitenga na kuzama chini pamoja. Kwa petroli yenye ethanoli asilimia 10, maji ya karibu nusu asilimia ya ujazo yanatosha kuanzisha kujitenga huko. Na mdomo wa pampu uko wapi? Chini kabisa, ndani ya tabaka hilo hilo.

Pampu ya kiwambo, ile inayosukumwa na injini, ina ugonjwa wake: mpira wa kiwambo hukauka, hukakamaa na kupasuka mara unapoanza kufanya kazi.

3. Nitajuaje kama pampu imekufa, au ni umeme tu haufiki?

Hapa ndipo wengi wanapoteza fedha, kwa sababu gari lililokaa huoza nyaya na soketi sawasawa na linavyooza pampu. Anza na fyuzi, kisha relei (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha pampu), kisha swichi ya usalama inayokata mafuta gari linapogongwa, kama gari lako linayo. Hiyo ya mwisho husahaulika sana. Mara nyingi iko buti au chini ya dashibodi, ina kitufe cha kubonyeza kurudisha.

Zikiwa salama, chomoa soketi ya pampu na uweke multimeta kwenye nyaya zake mbili nene. Mwenzako afungue swichi. Magari mengi ya injekta huipa pampu umeme kwa sekunde mbili au tatu kisha hukata mpaka upige stata, kwa hiyo tazama kipimo mapema. Unatakiwa uone volti zinazokaribia za betri.

Usiishie hapo. Kipimo kwenye soketi iliyochomolewa kinaweza kuonyesha volti 12 kupitia waya uliobakiwa na nyuzi mbili tu. Rudisha soketi, ingiza ncha za multimeta kwa nyuma yake, na upime pampu ikiwa imepewa kazi. Kati ya waya wa ethi (ule wa hasi) wa pampu na hasi ya betri isizidi volti 0.2. Upande wa chanya, upungufu wa zaidi ya nusu volti unaonyesha kutu kwenye relei au soketi. Tengeneza hilo kwanza, maana pampu mpya nayo itazunguka kivivu kwenye umeme huohuo.

Umeme ukifika kamili na pampu ikakaa kimya, pima ampea. Sifuri ni kaboni zilizokwama au shaba iliyokatika. Fyuzi inayoungua papo hapo ni mota iliyonata. Pampu nyingi nzima za injekta hutumia kati ya ampea 4 na 8.

4. Pampu inavuma, nasikia kabisa, lakini gari haliwaki. Basi ni nzima?

Mvumo unathibitisha kwamba mota inazunguka, basi. Funga geji ya presha kwenye reli ya injekta (bomba linalozigawia mafuta) au kwenye mpira unaoingia reli. Presha isipofika kiwango cha gari lako (swali la 9), tuhumu chujio lililoziba, mpira wa ndani ya tangi uliopasuka (swali la 16), reguleta (kidhibiti cha presha) iliyoganda wazi, au pampu iliyolika.

Presha ikiwa nzuri, pima na wingi. Elekeza mpira wa kurudi kwenye chupa yenye alama na uendeshe pampu sekunde 30. Nusu lita kwa muda huo ni lita 60 kwa saa. Chini ya hapo kwa injini ya kawaida ya injekta kuna kitu kinakaba. Presha na wingi vyote vikiwa sawa, iache pampu yako. Tafuta kwenye injekta zilizonata au cheche.

5. Kugonga tangi kwa mpini wa nyundo kunasaidia?

Wakati mwingine pampu iliyonata huachia. Hiyo ni njia ya kujua kwamba imenata. Usianze safari na pampu ya namna hiyo, kwa sababu utomvu ulioishika bado uko ndani.

## Tangi kwanza, pampu baadaye

6. Kwa nini mnasisitiza tangi kabla ya pampu?

Kwa sababu pampu haikufa yenyewe. Iliuawa na kile kilichomo tangini, na hicho bado kipo kinasubiri pampu mpya. Vumbi la kutu hupita kwenye chujio, linakwangua kuta za pampu na presha inashuka polepole. Magamba makubwa hayapiti, ila yanalikandika chujio. Pampu inavuta bila kupata mafuta, na kwa kuwa petroli inayopita ndani yake ndiyo inayopoza mota, inaungua. Pampu iliyofungwa kwenye tangi chafu inaweza kufa baada ya tangi moja au mawili ya mafuta, na muuzaji ataikataa kwa haki kabisa akiona chujio lilivyo.

Ukitoa pampu ya zamani, usiitupe. Kata chujio lake kwa mkasi ulifungue kama kitabu. Unga mwekundu ni kutu ya tangi. Ute wa kahawia unaonata vidoleni ni petroli iliyooza. Vipande vyeusi laini ni mpira unaoyeyuka. Alama nyeupe au kijani kwenye chuma cha pampu ni maji. Hicho kitambaa kidogo kinakuambia kazi iliyobaki kuliko kipimo chochote.

7. Tangi la chuma lenye kutu nilisafishe vipi?

Lishushe. Kusafisha likiwa chini ya gari kunaacha matope kwenye pembe na nyuma ya vibao vya ndani.

Toa pampu, boya la geji ya mafuta na mipira yote. Mwaga petroli, kisha osha mara kadhaa kwa maji ya moto na sabuni ya kuondoa grisi mpaka harufu ipungue kabisa; asidi haigusi kutu iliyofunikwa na mafuta. Tia nati za chuma au kipande cha mnyororo, maji kidogo, na ulitikise. Hesabu nati unapoziingiza na uzihesabu zinapotoka. Nati moja iliyobaki itagonga ndani mpaka ulishushe tena tangi.

Baada ya hapo jaza maji ya moto yenye asidi ya sitriki, gramu 50 hadi 100 kwa kila lita, uliache saa 12 hadi 24. Mwaga, suuza, kisha suuza tena kwa maji yenye baking soda ili kuua asidi iliyobaki. Hatua ya mwisho haina subira: chuma kilichovuliwa kutu huanza kupata nyingine ndani ya dakika chache. Kikaushe mara moja kwa hewa ya kikandamizi, kisha zungusha petroli safi kidogo ndani ili kuta zilowe.

Tangi tupu lililokuwa na petroli lina mvuke unaolipuka, na ni hatari kuliko lililojaa. Usilichomelee, usilipitishie jiwe la kusagia, hata baada ya kuliosha mwenyewe. Kama lina tundu, mpelekee fundi anayejua kuandaa matangi au tafuta jingine.

Rangi za kupaka ndani ya tangi hatuzipendekezi isipokuwa tangi lina vitundu na halipatikani jingine. Zikipakwa juu ya kutu au unyevu hubanduka kama ngozi, na maganda yake huishia kwenye chujio.

8. Tangi langu ni la plastiki, halipati kutu. Nifunge pampu tu?

Halipati kutu, lakini utomvu na maji linapata. Mwaga yote, pangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na umulike pembe zote. Kama tangi lina vyumba viwili vilivyotenganishwa na kinundu katikati, chumba cha pili hakimwagiki kwa mpira ulioingizwa cha kwanza. Kina mdomo wake, mara nyingi chini ya kiti cha nyuma upande wa pili.

## Kuchagua pampu yenyewe

9. Gari langu linahitaji presha kiasi gani?

Hili ndilo swali linalotangulia mengine yote ya ununuzi. Kitabu cha ufundi cha gari lako ndicho mwamuzi. Viwango hivi ni vya kukuonyesha uko familia gani:

- Kabureta: bar 0.15 hadi 0.4.
- Injekta moja au mbili zilizokaa juu ya koo la injini: mara nyingi bar 0.7 hadi 1.
- Injekta moja kwa kila silinda, mfumo ulioenea zaidi: bar 2.5 hadi 4.
- Mifumo ya zamani inayopuliza mafuta mfululizo, kama Bosch K-Jetronic: bar 5 hivi.
- Injekta zinazopuliza moja kwa moja ndani ya silinda: pampu ya tangini hutoa bar 4 hadi 6, kisha pampu ya pili kwenye injini huipandisha (swali la 22).

Kuchanganya familia hakuvumiliki. Pampu ya injekta kwenye kabureta husukuma sindano ya boya ikabaki wazi, petroli inafurika, inaosha oili kwenye kuta za silinda na inaweza kuwaka moto juu ya injini. Pampu ya kabureta kwenye injekta haiwashi gari kabisa.

10. Pampu za nje na za ndani ya tangi zinabadilishana?

Hapana. Ya ndani hupozwa na mafuta yaliyoizunguka na haikutengenezwa kuvumilia mvua na vumbi. Ya nje haina nyaya za kuzamishwa. Yapo pia magari yenye zote mbili: ndogo tangini ya kuinua, kubwa nje ya kusukuma. Ikifa ile ndogo, kubwa huanza kulia kwa sauti kali na watu huibadilisha bure. Angalia ya ndani kwanza.

11. Nichague lita ngapi kwa saa?

Injini isiyo na turbo ikifanya kazi ya mwisho inakunywa takriban lita 0.3 kwa saa kwa kila nguvu-farasi moja. Injini ya nguvu-farasi 100 inahitaji basi lita 30. Ongeza theluthi moja kama akiba, unapata 40. Pampu nyingi za kawaida za injekta hutoa lita 80 na kuendelea, kwa hiyo kwa injini ambayo haijabadilishwa wingi si tatizo. Injini yenye turbo hesabu lita 0.37 kwa nguvu-farasi kabla ya akiba.

Soma tarakimu ya kwenye boksi kwa makini. Lita kwa saa isiyotaja presha na volti haikuambii kitu. Pampu inayomwaga lita 120 bila kuzuiwa inaweza kutoa chini ya 80 kwenye bar 3, na iliyopimwa kwa volti 13.5 itatoa pungufu kwenye gari lako volti zikiwa 12.

12. Nikiweka kubwa zaidi kuna ubaya gani?

Upo. Reguleta na mpira wa kurudi vina uwezo wao. Pampu kubwa mno ikisukuma kuliko njia ya kurudi inavyopitisha, presha hupanda, injini inakunywa mafuta mengi na kutoa moshi mweusi. Inatumia pia ampea nyingi kuliko nyaya za zamani zilivyokusudiwa, na soketi inayeyuka. Kwa gari la barabarani, chagua iliyo sawa na ya kiwandani.

13. Ninunue pampu peke yake au seti nzima na kikapu chake?

Pampu peke yake inatosha kama kikapu, kile kishikizo cha plastiki kinachoibeba tangini, hakina ufa, reguleta iliyo ndani yake inashika presha, na boya linasoma sawasawa. Unaokoa fedha, na mara nyingi unabaki na kikapu cha kiwandani ambacho ni bora kuliko cha kuiga.

Kwa gari lililokaa miaka, pima upinzani wa boya kabla ya kuamua. Unganisha multimeta na uinue mkono wa boya polepole kutoka chini hadi juu. Tarakimu ipande au ishuke kwa utulivu bila kuruka wala kupotea. Ikiruka, njia ya boya imeliwa, na geji yako itadanganya. Plastiki iliyobadilika rangi na kukatika kama biskuti ukiibonyeza inaamua jambo lenyewe: nunua seti.

14. Nitahakikishaje kwamba inaingia kwenye gari langu?

Jina la gari na mwaka havitoshi. Mtindo mmoja unaweza kuwa na pampu mbili tofauti kwa injini tofauti, au kubadilishiwa katikati ya mwaka. Tumia namba ya chasi na namba ya spea iliyochapwa kwenye pampu ya zamani. Namba ikiwa imefutika, pima kwa vernia: kipenyo cha mwili, urefu, kipenyo cha mdomo wa kutolea, na mdomo wa kuvutia uko katikati au pembeni. Piga picha soketi upande wa pini. Tazama pia chujio limeelekea upande gani, kwa sababu lisipolala kwenye sakafu ya tangi gari litakosa mafuta likipinda kona wakati geji ikisoma robo.

15. Pampu iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa, inafaa?

Ikiwa gari hilo nalo lilikuwa limelala uani, umenunua ugonjwa uleule. Seti ya kiwandani ambayo haitengenezwi tena inaweza kununuliwa kwa ajili ya kikapu na boya, halafu ukaweka mota mpya ndani. Pampu yenyewe iliyotumika tunashauri uiache.

Na kwa mpya, jihadhari na za kuiga. Linganisha na ya zamani kabla ya kufunga: uzito, maandishi yaliyochongwa kwenye chuma na si stika tu, vizibo kwenye midomo yote miwili. Uliza pia kama inafaa kwa ethanoli. Zilizotengenezwa kwa ajili hiyo mara nyingi zina kaboni mahali pa shaba ndani ya mota, na mipira ya aina ya FKM (isiyoliwa na mafuta).

## Vinavyobadilishwa pamoja, na kufunga

16. Kuna ulazima wa kubadilisha mipira na filta?

Upo, na kosa linalorudiwa zaidi liko hapa. Ndani ya tangi kuna kipande kifupi cha mpira kati ya pampu na mfuniko wa kikapu. Wengi hukata mpira wa kawaida wa injekta wakauweka hapo. Mpira huo umetengenezwa kugusana na petroli kwa ndani tu. Ngozi yake ya nje ikizamishwa huvimba, hulainika na kupasuka. Pampu inavuma vizuri, presha haipo, na unarudi swali la 4. Wa kuzamishwa huandikwa SAE J30R10. Nje ya tangi, injekta hutaka J30R9, na kabureta hutosheka na J30R7. Maandishi yako ubavuni mwa mpira. Kama hayapo, usiununue kwa kazi hii.

Orodha nzima: chujio jipya, filta mpya, mpira wa kuzamishwa, klipu za mipira ya injekta zenye kingo laini zisizokata mpira, na oringi ya mfuniko wa tangi. Oringi ya zamani hutoka imevimba na hairudi kwenye mfereji wake. Ukiilazimisha, gari litanuka petroli kila unapojaza tangi.

Pampu ya nje huongezewa filta ya mikroni 100 kabla yake, na ya mikroni 10 baada yake kwa injekta. Usiubadili mpangilio: filta yenye matundu madogo kabla ya pampu inaifanya ivute kwa shida na kuungua.

17. Nichukue tahadhari gani kabla ya kufungua?

Fanya kazi nje au kwenye upepo, mbali na jiko na mota yoyote. Toa hasi ya betri kabla ya kufungua chochote, na usiirudishe mpaka mafuta yaliyomwagika yamekauka. Taa iwe ya LED ya betri iliyowashwa kabla ya kukaribia. Mtungi wa unga mkavu au povu uwe hatua mbili kutoka ulipo. Presha inaweza kubaki kwenye mipira hata baada ya miezi. Funika kiungo kwa kitambaa na ukilegeze taratibu.

Puliza na ufute uchafu wote uliozunguka mfuniko kabla ya kuufungua, la sivyo unauangushia tangini. Pete ya kufungia igongwe kwa mti au shaba nyeupe. Patasi ya chuma hutoa cheche.

18. Nimeshafunga. Niwashe vipi mara ya kwanza?

Tia lita 10 za petroli mpya au zaidi. Pampu isizunguke ikiwa kavu hata kwa jaribio la sekunde chache mezani. Kabla ya kuunganisha filta na reli, elekeza mpira kwenye chupa na uache nusu lita itoke ili isafishe njia. Unganisha, kisha fungua swichi sekunde tatu na ufunge, mara nne au tano, bila kupiga stata. Pitisha kidole kila kiungo ukitafuta unyevu. Ndipo upige stata.

Injini ikishazimwa, tazama geji: presha ikianguka sifuri papo hapo, vali ya kuzuia mafuta yasirudi haishiki, au kuna injekta inayovuja.

Badilisha filta tena baada ya kilomita 500 hivi. Itakuwa imekusanya kilichobaki mabombani.

19. Pampu ya kiwambo ya injini inachaguliwa na kufungwa vipi?

Tazama umbo la mkono wake. Pampu mbili zinaweza kuwa na bolti mbili sawa na mikono tofauti, na ule usio wake hupiga kamshafti (mhimili wa injini wenye nundu) vibaya ukavunjika. Unene wa gasketi na kibao cha kuzuia joto uwe wa awali: kikizidi, mkono unasukumwa kidogo na mafuta yanapungua.

Unapoifunga, zungusha injini kwa mkono mpaka nundu ya kamshafti iuachie mkono wa pampu. Ukiilazimisha kwa kukaza bolti nundu ikiwa juu, masikio ya alumini hupasuka.

Kabla hata ya kuiwasha ya zamani, toa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Kiwambo kilichopasuka hupitisha petroli hadi kwenye oili. Kiwango kinapanda na oili inakuwa nyepesi. Oili ya namna hiyo imwagwe kabla injini haijazungushwa.

## Hali zisizo za kawaida

20. Naweza kubadili pampu ya kiwambo niweke ya umeme?

Unaweza, lakini kama ya awali bado inapatikana, baki nayo: injini ikizimika, yenyewe inasimama. Ya umeme huendelea kumwaga mafuta hata gari likiwa limepinduka, kwa hiyo haifungwi bila swichi ya kukata gari linapogongwa na relei inayoikata injini isipozunguka. Ifunge karibu na tangi, chini ya usawa wa mafuta, kwa kuwa inasukuma vizuri na kuvuta vibaya. Ya zamani iondolewe kabisa na tundu lizibwe kwa kibao na gasketi.

21. Gari langu ni la volti 6, au chanya ndiyo imeshika bodi.

Agiza pampu iliyoandikwa hivyo. Pampu za zamani za platini (vigusano vinavyowasha na kukata umeme) nyingi hazijali upande wa chanya. Zenye elektroniki ndani zinaungua ukizigeuza.

22. Pampu yangu ina nyaya tatu nene, au gari lina kisanduku kinachoidhibiti.

Usiijaribu kwa kuiunganisha moja kwa moja na betri. Mota isiyo na kaboni, yenye nyaya tatu za awamu, huendeshwa na kisanduku chake pekee na inaweza kuharibika. Kwa mifumo hii pima kisanduku kwanza: umeme wake, ethi yake, na waya wa amri. Magari mengi ya injekta za ndani ya silinda yako hapa. Pampu yao ya pili, iliyo kwenye injini, hufikisha bar 50 hadi 200, mpya hata 350, na mafuta hayo hupenya ngozi. Usilegeze kiungo chochote cha upande huo bila kufuata utaratibu wa kitabu.

23. Na dizeli?

Pampu ya petroli haiingii kwenye dizeli wala kinyume chake. Pampu ya sindano, ile inayosukuma dizeli kwenye injekta, hulainishwa na dizeli yenyewe, na petroli huikausha ikajisaga. Adui wa dizeli iliyolala ni maji: vijidudu huota pale maji na mafuta yanapokutana, wakatoa ute mweusi unaoziba filta. Toa maji kwenye kikombe cha filta, safisha tangi, badilisha filta, kisha ondoa hewa kwa pampu ya mkono kabla ya kupiga stata.

24. Pampu mpya imeanza kulia baada ya wiki mbili. Nimeuziwa mbovu?

Huenda, lakini fungua mfuniko wa kujazia mafuta kwanza, injini ikiwa inazunguka. Ukisikia tangi likivuta hewa na mlio ukapungua, njia ya kupumulia imeziba. Wadudu hupenda kujenga kwenye mpira huo gari likikaa, na kichujio cha mvuke chenye mkaa nacho huziba. Usiposikia kitu, toa pampu ukalitazame chujio jipya kama ulivyolitazama la zamani kwenye swali la 6. Likiwa na unga mwekundu, tangi halijasafishwa vya kutosha. Likiwa safi, na volti za swali la 3 ni nzuri, irudishe dukani pamoja na chujio lake na vipimo ulivyoandika.

25. Gari litakaa tena miezi minane. Niache tangi limejaa au tupu?

Lijaze petroli mpya, isiyo na ethanoli kama inapatikana, pamoja na dawa ya kuhifadhi mafuta kwa kipimo cha kwenye chupa. Kisha endesha injini dakika 10 ili dawa ifike kwenye pampu, filta na reli. Tangi la chuma lililoachwa tupu hupata kutu kwenye dari, na pampu iliyolowa utomvu kidogo hukaukia hapo. Gari la kabureta, funga mafuta au ikate pampu, uiache injini inywe kilichobaki kwenye bakuli la boya mpaka izimike yenyewe.